Ufundi wa Kusoma Damu

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ni seli moja tu, lakini ni kiumbe kamili. Kinakula, kinakua na kuzaana bila kiungo chochote, kazi ambazo mwili wa mtu umezigawia matrilioni ya seli. Tofauti na bakteria, vinasaba vyake vingi vimehifadhiwa ndani ya kiini, na kiini hicho ndicho hukifichua.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yako kando ya ziwa na vinamasi, na mbu hawakosi. Katika maabara za huko na za mjini Mbarara, watu wenye mikono mitulivu hufanya kazi isiyosifiwa inavyostahili: kusoma slaidi za damu.

Tone la kwanza hutandazwa nene na kuachwa likauke. Maji ya rangi huzipasua chembe nyekundu, vimelea vikabaki wazi. La pili huvutwa jembamba kwa ukingo wa slaidi nyingine, kisha hukazwa kwa methanoli ili chembe zisipasuke. Mkono ukisita katikati, slaidi imeharibika. Rangi ya Giemsa hukitia kiini wekundu na sitoplazimu ubuluu. Chini ya lenzi ya mafuta, hadubini ikikuza mara 1,000, kimelea kichanga ni pete nyembamba yenye nukta. Cha uzazi kimepinda kama ndizi. Mabaki ya rangi huweza kudhaniwa vimelea, na hapo ndipo fundi hujitenga na mwanagenzi. Hatamki kwamba hakuna kitu kabla ya kukagua angalau sehemu 100 za tone nene. Akiviona, huvihesabu sambamba na chembe nyeupe 200.

Kipimo cha haraka ni msaada mkubwa, ila hunasa protini inayoweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Hadubini huonyesha kimelea chenyewe, na umri wake. Umri una uzito: vilivyokomaa hung'ang'ania kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo, visionekane kwa urahisi katika damu ya kidole. Dawa ya atesuneti huziua pete changa kabla hazijafika huko. Kwinini hufanya kazi zaidi kwa vilivyokomaa. Utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Mbarara ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulizilinganisha dawa hizo kati ya 2005 na 2010. Waliopewa atesuneti walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini, 10.9. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali.