Kizuri Hakijiuzi

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza imewapa wauzaji fedheha wasiyoistahili, kwa kuwa inamfanya kila anayeinua sauti kuhusu mali yake aonekane ana la kuficha, na inamwacha kijana aliyeajiriwa kuwa afisa masoko akijitetea mbele ya wazee wake kila anapoulizwa kazi yake hasa ni ipi. Methali hiyo ilikuwa na ukweli wake mahali ilipozaliwa. Katika kijiji ambamo mfinyanzi anajulikana kwa jina, na ambamo bibi yake mnunuzi alinunua chungu kwa bibi yake mfinyanzi, chungu kizuri hakihitaji msemaji. Kinachosahaulika ni kwamba hata huko hakikujiuza chenyewe, maana kiliuzwa na midomo ya majirani waliopikia chungu kama hicho wakasimulia kisimani. Mji unapokua hadi jirani asimjue jirani, kazi ile ya midomo hulazimika kupata mtu wa kuifanya kwa makusudi, kwa ujuzi na kwa ujira, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa masoko, yaani taaluma ya kumtafuta mwenye haja, kuielewa haja yake, kumfikishia kitu kinachoikidhi na kumweleza habari zake kwa maneno atakayoyaamini.

Lugha yenyewe inaukumbuka ukoo wa kazi hii. Kunadi ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kuita, na kutokana nalo umepatikana mnada, mahali ambapo bei huitwa hadharani kila mtu akisikia. Mbiu ni pembe ya nyati iliyopulizwa ili watu wakusanyike wasikie tangazo, na ndiyo maana mbiu ya mgambo, kama wasemavyo wahenga, ikilia kuna jambo. Kiswahili cha leo kilipohitaji jina la yale maneno machache yanayobeba ujumbe mzima wa bidhaa au wa shughuli, kauli na mbiu viliunganishwa ikapatikana kaulimbiu. Kwa hiyo kijana anayekesha ofisini akitafuta maneno matano ya kuweka chini ya picha ya sabuni, ajue asijue, anapuliza pembe ya nyati.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, walioielewa mapema siri ya kazi hii hawakuwa na ofisi za matangazo. Walikuwa wauzaji wa kanga. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha desturi ya kuchapa maneno kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, na maneno hayo yalichapwa kwanza kwa hati za Kiarabu kisha kwa hati za Kirumi. Kanga ina pindo, yaani ukingo unaoizunguka. Ina mji, yaani sehemu ya kati. Na ina jina, yaani yale maneno yaliyo juu kidogo ya pindo la chini. Aliyewahi kusimama katika duka la kanga anajua kwamba mnunuzi akishapendezwa na rangi huuliza, "Inasemaje?", na doti nzuri huweza kurudishwa rafuni kwa sababu tu jina lake halimfai anayekwenda kuzawadiwa. Likitazamwa kwa makini, jina hilo halimsifu mwenye duka, wala halisemi kwamba kitambaa ni kizito au kwamba hakichuji rangi. Linasema jambo ambalo mwanamke anataka kulisema yeye mwenyewe, kwa jirani, kwa mume, kwa wifi au kwa Mungu wake. Muuzaji amejitoa katikati akamwachia mnunuzi kauli, na pengine hakuna somo la masoko lililo kubwa kuliko hilo: maneno yanayouza ni yale ambayo mnunuzi angeyasema kwa kinywa chake.

Nchini Tanzania ilikuwapo miaka ambayo ufundi huu haukuwa na pa kufanyiwa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na mafuta ya kula viliadimika, watu wakapanga foleni, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako mkali dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Wakati kama huo muuzaji hana sababu ya kumbembeleza mtu, na mnunuzi hachagui harufu. Baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwaka 1985, milango ya biashara ilifunguliwa kiasi cha wananchi kumpa jina la Mzee Ruksa, rafu zikaanza kujaa aina nyingi za kitu kile kile, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaingia hewani, zikawapa wenye bidhaa mahali papya pa kusemea. Afisa masoko wa leo ni mtoto wa kipindi hicho cha kuchagua. Methali ya kizuri chajiuza ilikuwa kweli tupu kwenye foleni, ambako hata kibaya kilijiuza.

Chuoni kijana huyu hufundishwa mambo manne ambayo Mmarekani E. Jerome McCarthy aliyapanga katika kitabu chake cha mwaka 1960, nayo ni bidhaa, bei, mahali pa kuuzia na uhamasishaji, yaani zile juhudi za kuwajulisha watu na kuwavuta. Mpango huo ni mzuri na umedumu kwa sababu unashikika. Hata hivyo mtu anaweza kuujibu vizuri katika mtihani na bado asijue kwa nini mama mmoja wa Mbagala anakibonyeza kipande cha sabuni kwa kidole gumba kabla ya kutoa pesa.

Sabuni hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Sabuni ya kufulia huja dukani kama mche, yaani kipande kirefu kama ubao mwembamba, na mwenye duka, ambaye Dar es Salaam huitwa Mangi hata kama hakutoka Kilimanjaro, huukata kwa kisu vipande vya bei ya mkononi. Kiwanda kinauza katoni na duka linauza kipande. Mafuta ya kula nayo huuzwa kwa kupimwa, sukari kwa robo, na nyanya kwa fungu lililopangwa ile nzuri zaidi ikae juu. Mnunuzi wa namna hii hana upungufu wa akili ya hesabu, kama baadhi ya watu wa ofisini wanavyodhani wanapomshangaa kwamba angeokoa fedha kwa kununua mche mzima. Fedha yake huingia kwa siku, naye huitoa kwa siku, na haachi shilingi ilale ndani ya sabuni wakati kesho kuna nauli na unga. Afisa masoko anayeielewa hesabu hiyo ataacha kuupamba mche ambao karibu hakuna anayeubeba mzima kwenda nao nyumbani, na ataanza kujiuliza kipande kina nini cha kusema kikishavuliwa kifungashio, yaani karatasi au plastiki yenye jina na picha, ambayo Mangi huitupa kabla ya kukata.

Mambo haya hayapatikani kwa dodoso, ile orodha ya maswali ambayo afisa masoko hutembea nayo kwenye kishikwambi. Mwenye duka akiulizwa sababu zinazomfanya apendelee sabuni fulani atajibu kwa adabu kwamba ni nzuri tu, na jibu hilo litaingia kwenye ripoti likiwa halina faida. Yanapatikana kwenye benchi la nje ya duka, kwa kijana aliyenunua soda akakaa nayo muda mrefu kuliko kiu yake. Hapo ndipo atakapomwona yule mama akibonyeza kipande, kwa sababu sabuni laini bado ina maji mengi ndani yake na itayeyuka kwenye beseni kabla nguo hazijaisha; atamsikia mwingine akisema kwamba hununua mapema akaianika dirishani ikauke ndipo aitumie; na wa tatu akilalamika kuhusu sabuni inayounguza mikono. Ofisini, wakati huo huo, mkutano wa Jumatatu ulikuwa umeafikiana kwamba habari kubwa ya mwaka ni harufu mpya ya limau.

Kutoka benchi hadi kaulimbiu kuna safari nyingine, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ofisi nyingi huandika kwanza kwa Kiingereza kisha zikamkabidhi kijana mdogo kuliko wote kazi ya kutafsiri, ndipo zinapozaliwa kauli za kumtaka msomaji afurahie uzoefu wa usafi wa kipekee, maneno ambayo kila moja ni la Kiswahili na yote kwa pamoja si ya mtu yeyote. Hakuna aliyewahi kumwambia dada yake kwamba amefurahia uzoefu wa usafi. Mtu husema nguo zimetakata, povu halikatiki, kipande kimemaliza ndoo mbili. Fundi wa kweli huyafuta maneno ya ofisini na kuandika lililosikika: kipande kimoja, ndoo mbili. Bosi atauliza mbona ni fupi hivyo, mbona halina hadhi, na kijana atalazimika kulitetea kwa upole na kwa ushahidi, jambo ambalo ni nusu ya kazi yake na halimo katika mtaala wowote.

Kabla ya kulitetea, hata hivyo, inampasa kulipima. Fundi anayeijali kazi yake hununua kipande hicho kwa fedha zake, na Jumapili, katika chumba chake cha kupanga, huinamia beseni na kufua. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na pamoja na chumvi hiyo mara nyingi huwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu ambayo hushikana na sabuni yakafanya utando mweupe badala ya povu, hivyo kipande kilichomaliza ndoo mbili kwa maji ya bomba huenda kikaishia kwenye ndoo moja. Kauli ya ndoo mbili, iliyopendeza hivyo, imekuwa uongo kwa wote wanaochota kisimani. Mwandishi mvivu ataiacha ipite. Mwandishi mwema ataifuta akaanza upya, na ugumu huo ndio utakaompa kauli bora kuliko ya kwanza: kipande kimoja, ndoo nzima, hata kwa maji ya chumvi. Ahadi imepungua kwa ndoo moja, lakini imeingia ndani ya nyumba ya mtu na kuyataja maji yake.

Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na ni vizuri kwamba inakataza, lakini sheria haiwezi kukaa kwenye beseni. Historia ya kazi hii ina mambo ya aibu ambayo anayeisifu hana haki ya kuyafunika. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lililazimika kupitisha kanuni za kimataifa kuhusu uuzaji wa maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kwa sababu ujuzi ule ule wa kumsikiliza mama na kumrudishia maneno yake ulikuwa umetumika kumtia shaka juu ya ziwa lake. Hata istilahi za taaluma zina hatari yake. Wanaokusudiwa na tangazo huitwa walengwa, na neno hilo, ingawa ni sahihi, linamweka mtu pale inapowekwa shabaha. Neno mteja ni bora mara nyingi, kwa kuwa mteja ni mtu anayerudi, na asiyerudi hakuwa mteja bado. Kijana atakayeanza kuwaona watu wa benchi kuwa shabaha atapoteza kwanza usikivu wake, na usikivu ukishapotea, umahiri wake wote wa picha na rangi na takwimu hautamsaidia kuandika sentensi moja ambayo mtu ataiazima.

Maisha ya kijana huyo nje ya kazi hayako mbali na kazi. Ndani ya basi la mwendokasi la asubuhi kutoka Kimara, amesimama amebanwa, anasikiliza jinsi abiria wanavyolalamika, maana lalamiko ni haja inayojitaja yenyewe bila kuulizwa. Barabarani anasoma maandishi ya nyuma ya bajaji na kupima lipi limekaa vizuri mdomoni. Saa nne usiku simu inaita kwa sababu mwenye bidhaa ameomba mabadiliko madogo, na mabadiliko madogo, kama kila mwenye kazi hii ajuavyo, humaliza usiku. Mwisho wa mwezi hupimwa kwa tarakimu za mauzo ambazo mvua, bei ya mafuta ya magari na sikukuu zimezisukuma kuliko kaulimbiu yoyote, naye hulaumiwa au husifiwa kwa yote. Jina lake halichapwi popote. Mshairi hutia jina katika beti za mwisho, fundi seremala hujulikana mtaani kwa vitanda vyake, lakini aliyeandika maneno matano yanayosemwa na nusu ya mji hupanda daladala na watu wanaoyasema bila yeyote kumjua.

Malipo yake, yakija, huja dukani. Mtoto ametumwa, amekunja sarafu kiganjani, na hakumbuki jina lililochapwa kwenye kifungashio kwa sababu hajawahi kukiona. Anamwambia Mangi ampe ile ya maji ya chumvi. Mangi haulizi ni ipi. Anachukua kisu, anakata. Na kama kipande hicho kitamaliza ile ndoo iliyoahidiwa, keshokutwa mtoto atatumwa tena, na ataiomba kwa maneno hayo hayo.