Jicho Kwanza, Jina Baadaye

Wavulana watatu wametupa mgongo, wako uchi, wanakimbilia maji. Miili yao imekuwa vivuli, myeusi inayokaribia wino, na mbele yao povu la wimbi linapasuka jeupe. Picha hiyo ilipigwa na Martin Munkácsi, Mhungari aliyezaliwa mwaka 1896 ambaye wakati huo alikuwa akifanyia kazi magazeti ya Berlin, na mahali pengi imechapishwa kwa jina la Wavulana Watatu wa Ziwa Tanganyika. Kijana mmoja wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, aliiona imechapishwa mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alikuwa ametoka Côte d'Ivoire, ambako homa ya mkojo mweusi ilikaribia kumuua. Miaka mingi baadaye, akiwa mpiga picha anayejulikana dunia nzima, bado alikuwa akisema kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwashia moto. Hakuwa ameamini kamera inaweza kunasa jambo kama lile. Alipoiona, akachukua kamera yake akaenda mitaani.

Ukimuuliza mtu kwa nini picha hiyo inapendeza, atakwambia ina furaha, ina uhai. Ni kweli, lakini furaha hiyo imekaa wapi kwenye karatasi? Nyuso hazionekani, kwa hiyo haiko kwenye tabasamu. Hapo ndipo kazi ninayotaka kuisifu inapoanzia, kazi ya mtu anayekataa kutosheka na jibu lake la kwanza, akarudi kwenye picha na kuuliza ni kitu gani hasa kilichomfanya ahisi alivyohisi. Akitulia ataona kwamba furaha imejificha katika nafasi zilizo kati ya viungo: zile pembe nyeupe zinazoachwa na makwapa, viwiko na mapaja, zote zikiwa zimejaa mwanga wa maji. Miili mitatu inakaribia kushikana iwe umbo moja lenye mikono mingi, kisha mwanga unapenya katikati na kuitenganisha. Shata ingefunguka mapema kidogo, au ikachelewa kidogo, mkono wa mmoja ungemeza kichwa cha mwenzake na sisi tungebaki na bonge jeusi ufukweni.

Upigaji picha umesifiwa vya kutosha. Usomaji wa picha haujapata mashairi yake, labda kwa sababu kila mwenye macho anadhani anaujua. Sisi watu wa Pwani tuna mfano wake karibu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Bibi anayezijua kanga huikunjua yote kwanza: anatazama pindo lilivyokwenda, mji kama umejaa au umetulia, rangi kama zinaitikiana au zinagombana, ndipo macho yake yashuke kwenye maandishi. (Wapo wanaonunua jina tu, hasa wakiwa na neno na jirani, lakini hao wana haraka zao.) Kwenye picha tumezoea kinyume. Gazeti na simu zimetufundisha kuanza na maelezo yaliyoandikwa chini, kisha macho hupanda juu kuhakikisha yale tuliyokwisha kuambiwa. Yakiyakuta, yanaondoka.

Anza na pindo, basi. Zunguka kingo nne za picha polepole uone ni nini kimekatwa: nusu ya bega, gurudumu, mkono usio na mwenyewe. Kukata ndio uamuzi wa kwanza wa mpiga picha, na mara nyingi ndio wa kikatili zaidi. Kisha utafute mwanga. Kivuli cha pua kitakwambia jua liko wapi, na jua likishajulikana, saa nayo inaweza kukisiwa. Huku kwetu karibu na Ikweta jua la saa sita mchana husimama utosini, likageuza macho ya watu kuwa mashimo mawili na kuacha paji la uso liking'aa peke yake. Ndiyo sababu picha nyingi za harusi za mchana zinaonekana kama za watu waliochoshwa na harusi yenyewe. Mwanga wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au wa saa kumi na moja na nusu jioni, huja kwa ubavu, ukachonga shavu na kufufua ukwaru wa ukuta wa matumbawe. Baada ya mwanga, pima kimo cha kamera. Kamera iliyowekwa chini ya macho ya mtu humkuza. Iliyowekwa juu humpunguza. Tazama picha za watoto wanaoombewa misaada uhesabu ngapi zimepigwa kutoka juu, na mtoto akiinua uso kama anayemwomba mwenye kamera. Mpiga picha angechuchumaa tu, mtoto yule yule angekuwa mtu mwingine.

Sasa rudi kwa wale wavulana watatu, ukiwa umeziba jina kwa kiganja. Unaona mchanga, wimbi linalovunjika, povu jingi. Je, ni ziwa au ni bahari? Mtu wa Kigoma atakuonya usikimbilie kujibu, maana Tanganyika si bwawa. Ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, na upepo ukilishika huvunja mawimbi ya kutosha kupindua mtumbwi. Hata hivyo swali lina haki ya kuulizwa, na wameliuliza wengi. Wapo waandishi wanaoeleza kwamba picha ilipigwa ufukwe wa Liberia, nchi ambayo Munkácsi alitumwa na gazeti la Berlin kuipiga picha, upande wa pili kabisa wa bara hili, kwenye Bahari ya Atlantiki. Mwaka wenyewe nao hutajwa kwa namna tofauti, 1929, 1930, au 1931, kutegemea kitabu ulichoshika. Picha maarufu kuliko zote zinazobeba jina la ziwa letu huenda haijawahi kulikaribia ziwa hilo.

Jambo hili halinikasirishi sana. Linanifundisha mpaka wa jicho na mpaka wa jina. Jicho haliwezi kusema kwa hakika kama lile povu ni la chumvi au la maji baridi. Linaweza tu kulitilia shaka jina. Jina kwa upande wake haliwezi kuongeza wala kupunguza ile nafasi nyeupe iliyo chini ya kwapa la mvulana. Kuna jambo jingine ambalo jicho huliona wakati jina linalificha. Wavulana hawa hawana nyuso. Munkácsi amewapa umbo, mwendo na mwanga, akawanyima uso. Na magazeti yakawanyima majina, kisha yakakosana hata juu ya nchi yao. Naipenda picha hii kwa dhati, na bado naona kwamba uzuri wake umenunuliwa kwa kuwageuza watoto watatu kuwa michirizi ya wino. Usomaji mzuri hauniruhusu kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Cartier-Bresson alichukua nini kutoka picha hiyo? Angalia picha yake ya mwaka 1932, nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare mjini Paris. Mtu anaruka dimbwi, naye pia ni kivuli, naye pia miguu imepanuka, na kisigino chake kiko karibu kugusa maji yasiyotikisika. Ukutani nyuma yake kuna bango lenye mchezaji dansi anayeruka vivyo hivyo, kuelekea upande mwingine. Majini taswira yake inamsubiri kichwa chini miguu juu. Mruko mmoja umesemwa mara tatu. Watu husifu sana ile sekunde, mimi nasifu zaidi bango: bila lile bango tungekuwa na mtu anayekaribia kulowa viatu. Na kwa kuwa nimezungumzia kingo, ijulikane kwamba hii ni mojawapo ya picha chache ambazo mpiga picha huyu alikubali zikatwe. Upande wa kushoto kulikuwa na ubao wa ua alikopenyezea kamera.

Lakini mwalimu wangu mkuu katika somo hili hakuwa Paris. Alikuwa Bamako. Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, si mbali na kituo cha reli, akawa anapiga picha uani kwa mwanga wa jua. Filamu ilikuwa ghali, hivyo mteja alipigwa picha moja. Pazia la nyuma la kwanza lilikuwa shuka lake la kitandani. Wanawake walikuja wamevaa vitenge na magauni yenye maua, madoa na mistari, wakasimama mbele ya pazia ambalo nalo lilikuwa limejaa nakshi. Mwanafunzi wa siku hizi angeambiwa hilo ni kosa: usimweke mtu mwenye nakshi mbele ya nakshi, atapotea. Kwa Keïta hapotei. Ruwaza mbili zinapokutana, mwili unayeyuka kwenye kitambaa, na sehemu tulivu pekee iliyobaki katika picha nzima ni ngozi: uso, shingo, mikono. Jicho likichoka na maua linakwenda kupumzika usoni, na likifika linakuta mwenye uso analitazama. Hapo ndipo tofauti na wale wavulana wa ufukweni ilipo. Mteja wa Keïta amelipa. Amechagua nguo yake, saa yake, na kama ataegemea pikipiki au atashika redio. Picha ni mali yake, na inaonekana.

Pazia hilo lilikuwa na faida nyingine. Keïta alilibadilisha kila baada ya miaka kadhaa, na miaka mingi baadaye akaweza kujua negativu ni ya kipindi gani kwa kutazama nyuma ya mteja tu. Yaani tarehe ya picha iliandikwa mahali ambapo watu hawaangalii. Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa New York bila jina la aliyezipiga, watu wakasimama mbele yazo wakiduwaa. Mpiga picha akatafutwa mpaka akapatikana, akiwa hai Bamako, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho makubwa Paris. Jicho lilitangulia, jina likafuata. Ila kuna jambo la kuangalia: Keïta mwenyewe alisafisha picha ndogo, ukubwa wa negativu yenyewe, sentimita 13 kwa 18, za kushikwa mkononi au kuwekwa kwenye albamu ya nyumbani. Zile za makumbusho ni kubwa kama mlango, nyeusi yake imekolea na nyeupe yake inakata. Ukubwa nao una maana yake. Picha uliyoishika mapajani unazungumza nayo. Iliyo kubwa kuliko wewe inakuhutubia.

Huhitaji kwenda Bamako kufanya zoezi hili. Unguja kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kila mji wa Afrika Mashariki umewahi kuwa na studio yenye pazia lililochorwa ndege, bustani au msikiti. Toa albamu ya wazee. Nani amekaa na nani amesimama? Mkono ulio begani umelala au umeshika? Kwa nini babu amekunja kiwiko kwa namna ile, kama si kwa ajili ya saa ya mkononi iliyotangulizwa mbele? Maswali hayo yamewahi kufungua vinywa vya mashangazi ambao kwa maneno matupu wasingesema kitu.

Wakati wa kampeni ustadi huu unakuwa ulinzi. Mpiga picha akisimama mbali na kutumia lenzi ndefu, watu walioachana hatua kumi wataonekana wamebanana kama dagaa. Akipanda juu ya jengo na lenzi pana, mkutano ule ule utaonyesha vipara vya uwanja mtupu. Picha zote mbili ni za kweli. Kabla hujamtumia mwenzako kuthibitisha kwamba chama chako kimefurika au kwamba cha mwenzako kimekauka, tafuta mstari wa ardhi, na utazame kama unaona miguu au vichwa tu. Simu nazo zimeongeza mchezo wao: ule ukungu mzuri nyuma ya mtu mara nyingi umebuniwa na programu inayokisia kina, nayo hukosea pale pale kila mara, kwenye nywele zilizotoka nje ya mtandio na kwenye miguu ya miwani.

Shuleni tunamfundisha mtoto kuhesabu mizani na kutaja vina, jambo jema kabisa, lakini picha ya kitabuni tunamwambia aitazame kisha ajibu maswali matano kuhusu mambo yanayotendeka ndani yake. Hatumwulizi mwanga unatoka wapi, wala nani aliyesimama na kamera. Walimu wa Kiswahili na wa sanaa wanaweza kuanza kesho bila bajeti yoyote, kwa gazeti la jana na kipande cha karatasi cha kuzibia maelezo. Nanyi wahariri, mkishaisoma picha vizuri, mtafuteni aliyeipiga na mwandikeni jina. Acheni kutuandikia kwamba picha ni kwa hisani ya mtandao. Mtandao haujawahi kushika kamera.