Midomo Nyuma ya Meno

Fuko asiye na manyoya ana uzito wa gramu 35 hivi. Yai la kuku humzidi. Makazi yake ni nyika ya Tsavo, Somalia na Ethiopia, kwenye udongo ambao kiangazi humtoa jasho hata mwenye sururu. Humo kundi moja huweza kuwa na njia za chini kwa chini ambazo, ukizipima zote, huzidi kilomita 3. Zimechimbwa kwa meno.

Watu humcheka kwa ngozi yake iliyokunjamana, macho yake madogo na meno manne yaliyochomoza. Ningependa wamtazame akiwa kazini.

Anayechimba kwa meno angetarajiwa kumeza udongo kila akiguguna. Fuko huyu midomo yake hufunga nyuma ya meno ya mbele, kwa hiyo meno hubaki nje yakifanya kazi huku kinywa kimefumbwa. Wengi husifu meno, lakini kwangu ufundi wenyewe uko kwenye midomo hiyo. Meno nayo hayakomi kukua, hivyo yanayosagika hujazwa. Karibu robo ya misuli yote ya mwili iko kwenye taya. Tena, taya la chini halikuungana katikati, kwa hiyo meno mawili ya chini huweza kutanuka na kubana yatakavyo. Katika ubongo, karibu theluthi ya sehemu inayopokea hisia za mguso inahudumia meno. Gizani, meno ndiyo vidole vyake.

Sasa, kifusi kinakwenda wapi? Mmoja huguguna mbele, na wenzake hupanga foleni nyuma yake. Kila mmoja husukuma udongo kwa miguu akirudi kinyumenyume hadi kwenye tundu la kutokea nje, kisha hurudi mbele akiwavuka wanaoendelea kusukuma. Hugeuka kwa urahisi kwa sababu ngozi imelegea, na mwendo wa kinyumenyume ni mwepesi kwake sawa na wa mbele.

Hufanya hivyo kwa bidii zaidi mvua ikishalainisha ardhi, kwa maana chakula chao ni viazi vya porini vilivyotawanyika mbalimbali, na kukipata kimoja ni kubahatisha. Fuko mmoja peke yake angekufa njaa kabla ya kukifikia. Mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis alieleza kwamba katika kundi huzaa malkia mmoja tu, na wengine hufanya kazi. Ukiutazama umbali kati ya kiazi na kiazi, mpango huo unaeleweka. Kiazi kikubwa hukila kwa ndani na kuacha ganda, kikapata kuota tena.

Wa mwisho kwenye foleni ndiye mwenye kazi ya hatari. Hukaa mkia ukielekea nje na kuurusha udongo kwa miguu ya nyuma, ukajilundika juu mfano wa volkano ndogo. Hapo ndipo nyoka humvizia. Kazi ikiisha, tundu huzibwa.