Gari Lililopakwa Sifa

Asubuhi ya kwanza niliwakuta paka saba chini ya gari. Ya pili walizidi, na mmoja alikuwa amejipenyeza hadi juu ya difu, analamba chasi kwa utulivu wa mtu aliyealikwa. Wanaoujua Mji wa Kale wa Mombasa hawatashangaa. Paka hapa ni wenyeji kuliko sisi. Kilichowaita ni sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayopakwa majahazi. Mimi nilikuwa nimeipaka Suzuki.

Lugha yetu ina mzaha wake. Kuna sifa hiyo inayonuka, na kuna sifa ya kusifiwa. Pita Mama Ngina Drive Jumapili jioni, penye mihogo na madafu, utaziona fowili zilizotengenezwa kwa ajili ya hiyo ya pili: bomba la hewa limepanda kando ya kioo, taa sita juu ya karia, springi zimenyanyuliwa mpaka mama mtu mzima hawezi kupanda bila kusukumwa. Sina ugomvi nazo. Lakini gari langu hulala hatua chache kutoka baharini, mwisho wa wiki huenda shamba Kinango, na mfuko wake ni wa mtu anayelipwa kwa kuandika. Ikabidi nichague sifa moja.

Kigari chenyewe ni SJ410, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1981. Injini ni ya cc 970, nguvu zake farasi 45 hivi, kwa hiyo mlimani hupanda kwa dua. Upana haufiki mita moja na nusu, na hilo ndilo lililonifanya nilinunue. Land Rover ya zamani ina mita 1.68, na katika vichochoro vya Kibokoni tofauti hiyo ndiyo ya kupita salama au kukwaruza baraza ya mtu aliyekaa anakunywa kahawa. Karia sikuweka kabisa, kwa sababu roshani za huku hazikujengwa kwa kuwafikiria wenye karia. Chini limeundwa kama lori dogo: mbavu mbili ndefu za chuma, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani. Kompyuta hamna. Mwenye spana, nyundo na subira analifungua lote.

Maradhi yake ni chumvi. Chumvi haingoji mvua. Huunyonya unyevu wa hewa, ikafanya ute mwembamba juu ya chuma, na usiku kucha kazi inaendelea wewe umelala. Zile mbavu za chasi ni tupu ndani kama mwanzi. Nje utazipaka rangi zing'ae, ndani zinaliwa taratibu kama jino. Wenye Land Rover hujidai kwamba gari lao halishiki kutu kwa kuwa bodi ni ya aluminiamu, na ni kweli kwamba lilipotoka mwaka 1948 lilipewa aluminiamu, kwani chuma Uingereza baada ya vita kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Lakini bodi hiyo imekalia chasi ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi panazaliwa kibetri kidogo, na anayeliwa ni aluminiamu. Chungulia kuzunguka boliti za Land Rover yoyote ya Mombasa, utauona ule unga mweupe.

Aliyenifungua macho hakuwa fundi wa magari. Ni mzee mmoja wa kuunda majahazi, aliyepita mimi nimelala chini ya gari na kopo la rangi nyeusi. Alichuchumaa, akaokota kinyundo changu, akaanza kuigonga chasi kipande kwa kipande, sikio limeinama, vile vile mtu anavyoigonga nazi sokoni kujua kama ina maji. Ti, ti, ti. Halafu: pu.

“Hapa hamna kitu,” akasema. “Na wewe waipaka rangi. Rangi ni nguo, mwanangu. Mwili wapakwa mafuta kwanza.”

Palipolia pu palikatwa na kuchomelewa chuma kipya kwa fundi wa jua kali Majengo. Hilo halina njia ya mkato. Ukichomelea juu ya kutu, umeshona kiraka kwenye utando wa buibui. Yaliyofuata nikayafanya mwenyewe.

Kabla ya mafuta, maji, na hapa ndipo wengi wetu wa kisiwani tunajidanganya. Gari likitoka ufukweni tunaliosha vizuri sana kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi ni vya chumvi. Tunaondoa chumvi kwa chumvi. Maji matamu ya bomba hutoka mbali, Mzima na Marere, na huja yanapotaka. Kwa hiyo nilinunua mitungi minne ya lita 20 kwa muuza maji, ambaye mkokoteni wake, nikaona nikimlipa, umekalia ekseli ya gari lililokufa zamani. Chasi ina vitundu vyake vya kutolea maji tangu kiwandani. Vyangu vilikuwa vimezibwa na tope lililoganda kuwa tofali. Nilivizibua kwa waya, nikaingiza mpira mwembamba ndani ya ubavu, nikamwaga. Mtungi wa kwanza ulitoa tope la Kinango na mchanga wa pwani. Nilichovya kidole katika lile tone la mwisho nikakilamba: chumvi tupu. Mtungi wa tatu, haikuwepo tena. Kipimo hicho hakimo katika kitabu chochote cha Suzuki, na nyumbani sijakisimulia.

Kisha likaanikwa siku tatu juani, wakati wa kaskazi. Mafuta juu ya unyevu huufungia unyevu ndani.

Sifa niliipasha moto kwenye kopo juu ya jiko la makaa, nje, upande ambao upepo hauendi kwa majirani. Si kuichemsha, ni kuilainisha mpaka itiririke kama chai. Nikaitia katika bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa shambani, nikafunga mpira mrefu mwembamba mwishoni, nikausukuma hadi mwisho wa ubavu, halafu nikawa nauvuta kurudi polepole huku napiga pampu. Mafuta yalipoanza kudondoka kwenye vitundu nilijua yamefika. Kesho yake nikarudia. Breki, mipira ya breki na bushi nilizifunika kwa mifuko ya karatasi ya simiti (ile ya plastiki tuliachana nayo tangu marufuku ya 2017), kwa sababu mafuta kwenye breki ni kifo, na mpira ukilowa mafuta hufura na kulegea.

Kwa nini ifanye kazi? Mafuta ya samaki ni mepesi na yana tabia ya kutambaa. Hupenya ndani ya kutu yenyewe, yakausukuma nje unyevu, na kadiri yanavyokutana na hewa huzidi kuwa mazito mpaka yakafanya ngozi. Nahodha mmoja wa Kiskoti, Robert Fergusson, aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yamezuia kutu isienee, akahangaika nayo mpaka mwaka 1921 akaanzisha Marekani kampuni ya rangi inayoitwa Rust-Oleum. Bei ya kopo lake dukani inajulikana. Sifa niliinunua kwa mtungi.

Wengi hapa hutumia oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Siipendi. Imeshabeba tindikali na masizi ya injini, mvua mbili huiosha, na kila tone linaloanguka Mji wa Kale njia yake ni moja, baharini. Sifa nayo ina lawama zake, nisiifiche. Harufu ilidumu wiki mbili, vumbi huigandia, na kwenye feri ya Likoni aliyeegesha nyuma yangu alipandisha vioo katika joto la Februari.

Baada ya hapo nikalewa sifa, kwa maana zote mbili. Nikaona ikiwa mafuta ya jahazi yamefaa, basi na kalafati itafaa. Chini ya miguu ya dereva palikuwa na mshono wa bati uliofunguka. Nikachukua pamba, nikaichovya mafuta, nikaishindilia kwa patasi na nyundo kama nilivyoona wakifanya kwenye mbao. Kwa mwezi mzima hapakuingia tone, nami nikatamba barazani. Masika yalipokwisha niliinua zulia, na bati la pande zote mbili za mshono likavunjika mkononi kama biskuti. Yule mzee nilipomweleza alinitazama kwa huruma. Jahazi likiingia majini mbao hufura zikaibana pamba, na kadiri zinavyolowa ndivyo zinavyoziba. Bati halifuri. Pamba ikabaki haina wa kuibana, ikageuka utambi: ikawa inayavuta maji ya chumvi na kuyashika pale pale, mchana na usiku. Kwa mikono yangu nilikuwa nimeitengenezea kutu kitanda. Nikakata, nikachomelea, na hadithi ya kalafati siitaji tena barazani.

Tukija kwenye mchanga, rekebisho lililo bora halina bei: ni kupunguza upepo. Barabarani natembea na psi 24, mchangani nashusha hadi 14. Watu hudhani tairi likilegea hupanuka. Hupanuka kidogo tu. Kinachotokea hasa ni kwamba linarefuka, likalala chini kama mkanda wa katapila, na uzito ule ule ukagawanywa juu ya mahali pakubwa zaidi. Chini ya 10 sithubutu, maana ukikata kona ghafla tairi hutoka kwenye rimu. Na beba pampu ya mguu, vinginevyo utarudi lami na matairi yanayochemka.

Likizama hata hivyo, kuna akala. Ralph Bagnold, mwanajeshi wa Uingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920, alikuwa akiweka chini ya magurudumu vyuma virefu vyenye mifereji, alivyovipata kwa muuza chuma chakavu wa Cairo. Ni vizuri, ila ni vizito, na gari la kilo 850 hivi halihitaji daraja la reli. Nilikwenda kwa mshona akala nikamwomba anikatie vipande viwili vya uso wa tairi, kila kimoja urefu wa hatua moja na nusu. Alinishauri tairi la nailoni, si la waya, kwa sababu waya huchomoza ukachoma mkono, au ukaja kutoboa lile lile tairi unalotaka kuliokoa. Vipande hujikunja nyuma ya kiti. Kila kimoja kimetobolewa mwishoni na kufungwa kamba ndefu, maana gurudumu likishakamata hukitupa nyuma na kukifukia, na kukitafuta mchangani wakati wa magharibi si kazi ya kumtakia mtu.

Majini, kitu cha kutazama kwanza ni difu. Safarini hupata moto, hewa ndani ikatanuka na kutoka kwenye kipumulio kidogo kilicho juu ya ekseli. Ukiingia mtoni ghafla, hewa hiyo hupoa na kunywea, difu ikavuta pumzi, na kilichopo nje cha kuvuta ni maji. Baada ya wiki unafungua na kukuta oili imekuwa kama maziwa. Dawa ni mpira wa petroli unaouzwa kwa mita: mwisho mmoja kwenye kipumulio, mwingine umefungwa juu kabisa karibu na betri ukitazama chini. Kazi ya nusu saa kwa ekseli mbili.

Lile bomba la hewa la PVC linalopandishwa kando ya kioo ni hadithi nyingine. PVC hulegea kwa joto la injini, viungo vyake huvuja, na hata visipovuja, SJ410 ina distribyuta ambayo hufa kwa maji muda mrefu kabla injini haijaanza kuyavuta puani. Glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, iliyokatwa vidole nyaya zipite, ikavishwa juu ya distribyuta, inafanya zaidi ya bomba lote.

Na kunyanyua? Nilikaribia kushawishiwa na fundi aliyetaka kunibadilishia vile vyuma vinavyoning'iniza springi, aweke virefu zaidi kwa sentimita tano. Nikamchorea vumbini. Springi imeshikwa ncha mbili na ekseli iko katikati, kwa hiyo ukishusha ncha moja sentimita tano, gari linapanda mbili na nusu, na ekseli inapinda kidogo, usukani ukaanza kutangatanga barabarani. Alichoka na mchoro wangu akaenda kunywa chai. Nilichofanya badala yake ni kufungua bampa zito la mabomba aliloliongeza mwenye gari wa kwanza. Pua ikainuka yenyewe. Mtihani wake ni ngazi ya feri Likoni wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka na mteremko umesimama: zamani lile bampa lilikuwa likikwaruza simiti na abiria wote wanageuka kutazama. Siku hizi tunashuka kimya. Bampa lilinunuliwa na muuza chuma chakavu, na pesa yake ndiyo iliyolipia sifa.

Juzi nilichukua kinyundo nikapita chini tena. Ubavu wa kulia, ti mwanzo hadi mwisho. Wa kushoto, ti, mpaka nilipofika juu ya tangi la petroli, mahali ambapo mpira wangu haukuweza kugeuka kona. Pale si pu, lakini si ti pia. Kusi likishapungua nitalishusha tangi nitazame. Paka mmoja, wa rangi ya chungwa, ameshajiweka hapo chini tayari.