Hadibodi Ile Isingeondolewa

Nimewafuata vifaranga hawa tangu wanatotolewa kwenye boma moja nje kidogo ya mji wa Njombe: 64 wa kuku na 18 wa bata, kila kundi na kinengunengu chake, yaani uzio wa duara wa kulelea vifaranga, kila kinengunengu na jiko lake. Jioni ya siku ya tisa jiko la upande wa bata likapasuka. Mama mwenye boma akaondoa hadibodi iliyotenganisha vinengunengu viwili, akawaweka wote kwenye jiko lililobaki. Alikosea. Asubuhi aliokota vifaranga 13 wa kuku waliokufa, na tangu siku hiyo naambiwa ni baridi ya kipupwe iliyowaua. Baridi haikuwaua.

Nilipomuuliza kwa nini aliwaunganisha, alinijibu kwamba watapashana joto. Jibu hilo nimelisikia kwa wafugaji wengi mno, ndiyo maana silipiti haraka. Kwa kuku na kuku wenzake lina ukweli wake. Kwa kuku na bata halina, na sababu ni maji.

Kifaranga wa bata hanywi kama wa kuku. Huzamisha mdomo mpaka matundu ya pua yafunikwe, husukutua, kisha hutikisa kichwa na maji yakaruka pande zote. Ndivyo anavyosafisha pua na macho yake, na ukimnyima kina hicho cha maji ataugua macho. Akitoka hapo huenda kwenye chakula na mdomo umelowa, hurudi kwenye maji na mdomo umejaa unga, na kinyesi chake nacho ni majimaji. Waachie bata 18 chombo cha maji usiku kucha, alfajiri maranda yanayokizunguka yamekuwa uji. Usiku ule chombo kiliachwa ndani.

Sasa piga hesabu ya joto. Wiki ya kwanza kifaranga wa kuku hutaka nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Siku ya tisa, basi, bado anahitaji nyuzi 30 hivi, na mwilini ana manyoya laini yasiyozuia maji hata kidogo. Maji yakikauka juu ya mwili hubeba joto la mwili huo. Bata waliolowa walipojibana na kuku waliwalowesha, na kila aliyelowa akapoteza joto ambalo jiko zima lisingeweza kumrudishia. Hakukuwa na kupashana joto hapo. Walinyang'anyana.

Tena angalia walikofia. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaona kwamba hawakutapakaa. Walikuwa marundo mawili, yote pale hadibodi ilipotolewa. Kinengunengu hufanywa duara kwa sababu moja kubwa: duara halina kona. Kifaranga anayesikia baridi hutembea akifuata ukuta, na ukuta wa duara humrudisha kwenye joto. Ukikata maduara mawili ili uyaunganishe, unaacha kona mbili pale yanapokutana. Vifaranga waliolowa waliingia kwenye kona hizo, wa nyuma wakapanda juu ya wa mbele, wa chini wakakosa hewa. Ubao ule mmoja ulikuwa unazuia maji na unazuia kona. Kuuondoa ni kuharibu vyote viwili kwa mkono mmoja, na ndiyo maana nasema hili halikuwa jambo la kukisia kisha likaenda vibaya. Lilikuwa linaonekana kabla halijatokea.

Angefanya nini, na jiko ni moja? Kuku wabaki na jiko, hadibodi ibaki mahali pake. Bata 18 wa siku tisa wanaenea kwenye boksi moja refu kwenda juu, lenye nyasi kavu, lililowekwa jikoni karibu na mafiga. Katikati unaweka dumu la lita 5 la maji ya moto lililofungwa vizuri kwa gunia, na usiku wa manane unayabadilisha. Maji ya kunywa unayaondoa, na chakula unakiondoa pamoja nayo, maana bata akila unga bila maji hupaliwa. Kifaranga wa bata huvumilia baridi kuliko wa kuku wa umri wake, mradi awe mkavu. Mkaa wa ziada hauhitajiki.

Kazi nyingine bomani hapo, hadi usiku ule, ilikuwa safi: chanjo ya mdondo ya I-2 ilitolewa siku ya saba kwa tone la jichoni, maranda ya msonobari yalikuwa makavu, na bata waliongezewa dagaa kwa ajili ya niasini, ambayo wao huihitaji kama mara mbili ya kuku.

Bata hawa walikuwa na mama yao. Jike lipo, zima, na walichukuliwa kwake siku ya pili ili arudi kutaga upesi. Bibi yangu, upande wa Makete ambako baridi ni kali kuliko Njombe, hakuwahi kumiliki hadibodi. Alikuwa na matenga mawili. Koo na vifaranga wake tenga hili, jike la bata na wake tenga lile, yote jikoni, kila moja ukuta wake. Jua likizama aliondoa maji ya bata kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia mtoto kazi hiyo. Miaka yote niliyokaa kwake sikuona rundo la vifaranga waliolaliana. Alijua siku 21 za yai la kuku na 35 za yai la bata wetu huyu bila kuandika popote, na alijua bata mama huwapangia wanawe joto vizuri kuliko jiko lolote. Tumeliacha hilo kwa ajili ya mayai kumi na mawili ya haraka.

Turudi bomani. Wiki ya tatu kuhara damu kulipoingia, wakafa kuku sita zaidi kabla dawa ya amproliamu haijapatikana, na majirani wakasema bata wameleta ugonjwa. Hapana. Kuhara huko huletwa na vimelea waitwao koksidia, na koksidia wa bata hawaambukizi kuku. Kila ndege ana wake. Wa kuku walikuwemo kwenye maranda tangu mwanzo, wakisubiri unyevu na joto ambavyo katika siku moja au mbili huwakomaza. Maranda yaliyolowa siku ya tisa hayakutolewa, yalimwagiwa tu mengine makavu juu. Sakafu ilionekana nzuri na chini yake kulikuwa kumevunda. Maranda yaliyolowa huzolewa kwa koleo, yote, siku hiyo hiyo, na Njombe yenye viwanda vya mbao kila upande haina sababu ya kuyabania.

Wamebaki 45 wa kuku. Bata wako 18, hakufa hata mmoja. Hadibodi imerudishwa, jiko lililopasuka bado liko nyuma ya banda, na jike la bata limeanza tena kujinyonyoa manyoya ya kifua na kuyatandika kwenye kiota. Nimemwomba mama mwenye boma safari hii amwachie jike watoto wake. Amesema atafikiri.