Msomaji Naye ni Mfasiri

Kwa mzee wa Iyunga asiyeona tena maandishi, Biblia ni ile sauti iliyorekodiwa. Shirika la Faith Comes By Hearing, lililoanzishwa Marekani mwaka 1972, hurekodi Agano Jipya kwa sauti za wasomaji wengi pamoja na muziki. Njia hiyo huvutia, lakini utamu wa sauti hautoshi. Katika Luka 23:43, msomaji akituama baada ya “leo” badala ya kabla yake, ahadi aliyopewa mhalifu hubadilika; nakala za kale zaidi za Kiyunani karibu hazina alama za vituo. Mwenye haraka hulipoteza hata jina “Mariamu” katika Yohana 20:16. Basi, ndugu wachungaji, Walawi wa Nehemia 8 walisoma ili watu waelewe. Nasi tusiwaachie wasikilizaji burudani tupu.