Kilichovunjika Baada ya apt Kumaliza Kazi

Kupandisha seva ya Debian kutoka toleo la 11 hadi la 12 ni kazi ya amri chache. apt inashusha vifurushi, inauliza maswali kadhaa kuhusu mafaili ya mipangilio, inamaliza bila kulalamika, na seva ikizimwa na kuwashwa inaamka na kerneli mpya. Kesho yake asubuhi watengenezaji programu wanaingia kazini na malalamiko yanaanza. Mmoja hawezi kusukuma msimbo wake kwenye Git. Mwingine programu yake ya Django imegoma kuwaka. Wa tatu anajaribu kujenga tovuti ya mteja, kazi inaishia njiani na ujumbe usioeleweka.

Lawama za kwanza huiangukia Debian. Lakini ukizifuata hitilafu hizo moja moja hadi kwenye chanzo, unakuta vifurushi vya Debian vyenyewe ni vizima. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa seva ya kazi ni kila kitu kilichowekwa kwa mikono ya watu nje ya macho ya apt. Ndiyo hoja ya uchambuzi huu: anayepandisha seva ya watengenezaji programu atumie muda wake mwingi kuorodhesha vitu hivyo, kwa sababu vilivyobaki apt inavimudu.

Kwa nini kupandisha, na kwa nini kwa hatua

Debian 11 ilitoka tarehe 14 Agosti 2021, na msaada wake wa muda mrefu una ukomo wa tarehe 31 Agosti 2026. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023, na Debian 13 tarehe 9 Agosti 2025. Mwenye toleo la 11 hutamani kurukia la 13 moja kwa moja, ila mradi wa Debian hauungi mkono kuruka toleo. Unapita la 12 kwanza, unahakikisha kila kitu kinafanya kazi, ndipo unaendelea.

Seva tunayoichambua ni ya aina inayopatikana kwenye timu nyingi ndogo: hazina za Git zinazofikiwa kwa SSH, hifadhidata ya PostgreSQL, programu kadhaa za Python, na Node.js ya kujengea tovuti. Kwenye kila kimoja toleo la 12 lilileta mruko mkubwa. Python ilitoka 3.9 hadi 3.11, PostgreSQL 13 hadi 15, OpenSSH 8.4 hadi 9.2, OpenSSL 1.1.1 hadi 3.0, Node.js 12 hadi 18.

Orodha kwanza

Kabla ya kugusa lolote, amri nne zilitoa picha nzima. `dpkg --audit` ilithibitisha kwamba hakuna kifurushi kilichosakinishwa nusu. `apt-mark showhold` ilionyesha vifurushi vilivyofungwa visisasishwe, ambavyo mara nyingi mtu alivifunga zamani na kusahau sababu. Ya tatu huorodhesha vifurushi ambavyo havikutoka Debian:

`apt list '?narrow(?installed, ?not(?origin(Debian)))'`

Ya nne ndiyo iliyokuja kuokoa saa nyingi zaidi:

`find / -xdev -name pyvenv.cfg`

Hiyo hutafuta kila mazingira pepe ya Python kwenye diski ya mfumo, hata yale ambayo mwenyewe alishahama kazi. Kama `/home` au `/srv` ziko kwenye diski zake zenyewe, amri irudiwe huko, kwa kuwa `-xdev` haivuki mpaka wa diski. Kila faili linalopatikana lina mstari wa `version`, na popote palipoandikwa 3.9.2 palikuwa na kazi inayosubiri.

Baada ya orodha ni akiba. Picha ya diski nzima inafaa, lakini haitoshi kwa hifadhidata, kwa hiyo `pg_dumpall` iliendeshwa na matokeo yake kuhamishiwa mashine nyingine. Saraka ya `/etc` nayo ilinakiliwa peke yake, maana ndiyo utakayoihitaji pale unapotaka kujua mpangilio fulani ulikuwaje kabla.

apt na kazi yake

Upandishaji wenyewe tuupite haraka. Kazi ilifanywa ndani ya `tmux`, ili mtandao ukikatika apt isife katikati, na dirisha la pili la SSH likaachwa wazi muda wote. Vyanzo vya nje vilizimwa. Neno `bullseye` likabadilishwa kuwa `bookworm` kwenye orodha ya vyanzo, na sehemu mpya ya `non-free-firmware` ikaongezwa. Nyongeza hiyo si pambo. Kuanzia toleo la 12, programu za maunzi zisizo huru, kama zile zinazohitajiwa na baadhi ya kadi za mtandao za Broadcom, zimehamishiwa huko. Asiyeiongeza hubaki na matoleo ya zamani ya vifurushi hivyo bila kuambiwa.

Kisha `apt update`, halafu `apt upgrade --without-new-pkgs`, halafu `apt full-upgrade`. Hatua ya katikati ina sababu yake: inapandisha kwanza vile visivyohitaji kuongeza wala kuondoa kitu, ili ile ya mwisho iwe na mafundo machache ya kufungua. Pale apt ilipouliza kama faili la mipangilio libadilishwe, jibu lilikuwa kubaki na la zamani, kisha `find /etc -name '*.dpkg-*'` ikatumika baadaye kulinganisha mapya na ya zamani kwa utulivu.

Seva ilipowaka tena, hatua mbili za kwanza zilikuwa `systemctl --failed` na `journalctl -b -p err`. Ya kwanza hutaja huduma zilizoshindwa kuwaka, ya pili hutoa makosa yote tangu kuwashwa. Anayeanza na amri hizi ana majina mkononi, na hana haja ya kuwashawasha huduma ovyo akitumaini moja itakubali.

Ufunguo unaokataliwa

Tuanze na yule asiyeweza kusukuma msimbo. Wenzake wote wanaingia, yeye anaambiwa hana ruhusa, na ufunguo wake umo kwenye `authorized_keys` vilevile kama jana. Upande wake hakuna dalili zaidi. Upande wa seva, `journalctl -u ssh` ilikuwa na mstari wenye maneno `ssh-rsa not in PubkeyAcceptedAlgorithms`.

Hapa wengi huhitimisha kwamba funguo za RSA zimepigwa marufuku. Sivyo. Kilichozimwa tangu OpenSSH 8.8, iliyotoka Septemba 2021, ni saini ya RSA inayotumia SHA-1. Ufunguo uleule wa RSA unakubaliwa ukitia saini kwa SHA-256 au SHA-512, jambo ambalo OpenSSH imeliweza tangu toleo la 7.2 la mwaka 2016. Kwa hiyo mwenye tatizo ni programu anayotumia kuingilia. Katika seva hii ilikuwa programu-jalizi ya zamani ya Git ndani ya kihariri msimbo chake, yenye maktaba yake binafsi ya SSH.

Dawa ni kusasisha programu hiyo, au kutengeneza ufunguo wa `ed25519` pale inapoutambua. Kuna njia ya mkato ya kuongeza `+ssh-rsa` kwenye mipangilio ya seva, lakini hiyo inairudisha SHA-1 kwa watumiaji wote ili kumpendeza mmoja.

Moduli iliyopo lakini haionekani

Programu ya Django ilikuwa inakufa kila inapowashwa, na logi inasema `ModuleNotFoundError: No module named 'django'`. Ukifungua saraka yake, Django imo. Hapo ndipo watu hupoteza asubuhi nzima wakichunguza ruhusa za mafaili.

Jibu linaonekana ukiandika `ls -l` ndani ya saraka ya `bin` ya mazingira pepe. Kile kinachoitwa `python3` ni kiungo tu kinachoelekea `/usr/bin/python3`. Jana kiungo hicho kilifika Python 3.9, leo kinafika 3.11. Maktaba zote zimelala kwenye `lib/python3.9/site-packages`, ilhali Python mpya inatafuta kwenye `lib/python3.11/site-packages`, ambako hakuna kitu.

Mazingira hayo hayatengenezwi, yanajengwa upya: futa saraka, endesha `python3 -m venv`, sakinisha kutoka kwenye `requirements.txt`. Kubadilisha jina la saraka kutoka 3.9 kwenda 3.11 kunashawishi, lakini maktaba zenye sehemu zilizoandikwa kwa C zilikusanywa kwa ajili ya 3.9 na nyingi zitakataa. Na pale ambapo hakuna `requirements.txt`, majina na matoleo bado yanasomeka kwenye saraka za `.dist-info` zilizomo ndani ya ile ya zamani. Kwa hiyo usifute kabla ya kusoma.

Waliozoea kusakinisha kwa `pip` moja kwa moja kwenye mfumo walikutana na ukuta mwingine: `error: externally-managed-environment`. Huo umewekwa kwa makusudi. Debian 12 inafuata PEP 668, inayozuia `pip` kuchanganya vitu vyake na vya apt. Ipo bendera ya kuuvunja, na jina lake, `--break-system-packages`, limeshatoa onyo la kutosha. Mazingira pepe ndiyo njia, na kwa zana za mstari wa amri, `pipx`.

Tovuti isiyojengeka

Wa tatu alipata `error:0308010C:digital envelope routines::unsupported`. Mradi wake unatumia webpack 4, ambayo kwa kawaida hukokotoa alama za mafaili kwa MD4. OpenSSL 3.0 iliihamishia MD4 kwenye kundi la algorithimu za zamani, ambalo halipakiwi bila kuombwa, na Node.js ilianza kutumia OpenSSL 3 kuanzia toleo la 17. Debian 11 ilikuwa na Node.js 12, ndiyo maana tatizo halikuwahi kuonekana.

`NODE_OPTIONS=--openssl-legacy-provider` inaifanya kazi iendelee siku hiyohiyo. Iwekwe kwenye mradi husika tu, isiwekwe kwenye mazingira ya seva nzima, na iandikwe kama deni: suluhisho lenyewe ni kuhamia webpack 5.

Hifadhidata mbili kwenye seva moja

Hitilafu ya hatari kuliko zote haikutoa ujumbe wowote. `pg_lsclusters` ilionyesha mistari miwili: `13 main` kwenye mlango 5432, na `15 main` kwenye 5433. apt ilikuwa imesakinisha PostgreSQL 15 pembeni, tupu, na kuiacha 13 ikiendelea na data yote. Programu zikiwashwa hapo zinafanya kazi, na mtu anaweza kukaa hivyo miezi akiamini yuko kwenye 15.

Tatizo ni kwamba 13 hiyo sasa inaendeshwa juu ya glibc mpya, 2.36 badala ya 2.31. PostgreSQL kwa kawaida huiachia glibc kazi ya kuamua neno lipi litangulie lipi, na faharasa za maandishi hupangwa kwa kanuni hizo. Kanuni zikibadilika, faharasa ya zamani inakuwa imepangwa kwa utaratibu ambao hifadhidata haiufuati tena. Mfano maarufu ni wa glibc 2.28 ya mwaka 2018: kwa mpangilio wa `en_US.UTF-8`, matoleo ya kabla yake yaliweka `11` mbele ya `1-1`, na kuanzia hapo `1-1` ikatangulia. Utafutaji unaweza kukosa safu iliyopo, na faharasa ya kuzuia marudio ikayaruhusu. Si kila mruko wa glibc una mabadiliko makubwa kama hayo, lakini PostgreSQL 13 haina namna ya kukuonya kuhusu mpangilio mkuu wa hifadhidata. Onyo hilo lilianza na 15.

Kwa hiyo programu zote zinazoandika kwenye hifadhidata zilisimamishwa kabla ya upandishaji na hazikuwashwa hadi data ilipohama. Klasta tupu iliondolewa kwa `pg_dropcluster 15 main --stop`, kisha `pg_upgradecluster 13 main` ikaendeshwa. Njia yake ya kawaida hutoa data yote na kuipakia upya, hivyo faharasa zote zinajengwa tena kwa kanuni mpya. Ni ya polepole, ila kwa hifadhidata ndogo ucheleweshaji huo unanunua uhakika. Klasta ya 13 iliachwa imezimwa hadi timu iliporidhika, ndipo ikafutwa.

Kuelekea Debian 13

Hitilafu zote nne zilitabirika. Mazingira pepe yalikuwa kwenye orodha ya `find`, toleo la webpack liliandikwa kwenye `package.json`, klasta ya hifadhidata ilionekana kwa amri moja, na programu za zamani za SSH zingejulikana kwa kuwauliza wenyewe wanatumia nini. Mwenye orodha hiyo mkononi hujenga upya mazingira usiku uleule, na asubuhi wenzake wanafanya kazi.

Kwa anayeendelea hadi Debian 13, orodha ni ileile, namba ndizo zinazobadilika: Python 3.13, PostgreSQL 17, glibc 2.41. Yaongezwe mawili. OpenSSH 10 haina tena funguo za DSA, kwa hiyo vifaa vya zamani vya mtandao vinavyozitumia vitafutwe mapema. Na `/tmp` sasa kwa kawaida hukaa kwenye kumbukumbu ya RAM, ikiruhusiwa kula hadi nusu yake. Seva inayofungua mafaili makubwa humo wakati wa kujenga programu ielekezwe `/var/tmp` kwa kubadilisha `TMPDIR`, kabla ya kuwashwa upya.